Fainali iko nje ya nchi na unaondokea Dodoma: jinsi ya kwenda, kushangilia na kurudi bila aibu

Wadau, nimekuwa nikiratibu safari za mashabiki kutoka hapa Dodoma miaka kadhaa sasa, nyingi za kwenda Dar uwanja wa Mkapa na chache za nje ya mipaka, na kitu nilichokiona kila safari ni kwamba shabiki anayeleta fujo ugenini mara nyingi ni mtu mwema kabisa ukimkuta kwake Chang'ombe. Ila kule ana njaa. Hajalala siku mbili, hela imekata, tiketi ina utata, hajui walipofikia ni wapi na simu imezima, sasa mtu wa hivyo ukimgusa bega tu analipuka, na akilipuka ni mbele ya polisi wa nchi nyingine ambao hawajui Kiswahili. Kwa hiyo tabia nzuri ya ugenini unaanza kuipakia kwenye begi ukiwa bado hapa hapa, na ndio maana nusu ya maelezo yangu yanahusu mambo ya kabla ya safari.

Na msione ni habari za mbali. Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kule Algiers, Algeria, Juni 2023, Simba wakaenda Berkane, Morocco, Mei 2025, na AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2027 imepangwa kwetu, Kenya na Uganda, maana yake Nairobi na Kampala unaenda kwa basi. Safari zipo na zitakuwepo.

Anza na karatasi. Pasipoti ya kawaida ni laki na nusu, usisubiri timu iingie nusu fainali ndio ukimbie Uhamiaji manake wiki hiyo kila mtu atakuwa amekumbuka. Kama unayo tayari, ifungue uangalie inaisha lini, nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele. Angalia viza mapema, Morocco kwa mfano sisi tunahitaji, na kwenye AFCON iliyochezwa huko Desemba 2025 hadi Januari 2026 kila shabiki alitakiwa pia kuwa na kitambulisho cha shabiki cha kwenye simu, bila hicho tiketi peke yake haikutosha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano weka humo humo ndani ya pasipoti. Piga picha kila karatasi, mtumie mtu mmoja wa nyumbani anayeshika simu, sio yule anayejibu meseji baada ya siku tatu.

Halafu tiketi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo panapoharibika.

Agosti 2025 tulitoka hapa kikundi kwenda Nairobi kuangalia fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale uwanja wa Kasarani, tulishajipanga mapema tukiamini Taifa Stars watafika, Stars wakatolewa na Morocco robo fainali, tukasema nauli tumeshachanga, twende tukaone mpira. Mwenzetu mmoja, mtu mzima, mzee wa heshima zake, hakuwa na tiketi, akanunua kwa mtu barabarani, akatumiwa skrinshoti kwenye simu. Kufika getini mashine inasema tiketi hiyo imeshatumika. Sasa fikiria umesafiri karibu kilometa 700, unasikia uwanja unanguruma ndani, na wewe mlangoni unaambiwa kaa pembeni! Mzee akapandisha, akaanza kusukumana na stiwadi, yaani msimamizi wa getini, watu wa nyuma nao wakaanza kusukuma, na mimi pale ndio nikaelewa jinsi gani geti linavyogeuka kuwa msiba ndani ya dakika mbili. Tulimshika mkono wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, tukatoka naye pole pole tukimwambia mzee wetu twende tukanywe chai, na sisi wawili tukabaki naye nje, tukaangalia mechi kwenye tv ya kibanda, Morocco 3 Madagascar 2, lile goli la Lamlioui la kutoka mbali tulilisikia kwanza kwa kelele za uwanjani ndio tukaliona kwenye tv. Tiketi zetu mbili zikapotea, sijutii hata kidogo.

Kwa hiyo sheria ya kikundi chetu sasa hivi ni moja, huna tiketi yenye jina lako au iliyonunuliwa sehemu rasmi, hupandi basi. Nawaonea huruma wanaosema watajua huko huko. Mei 28, 2023, siku ya mkondo wa kwanza wa fainali ya Yanga na USM Alger, pale Mkapa kwetu kabisa, watu walikanyagana wakati wa kuingia, mtu mmoja akafariki na wengine wengi wakaumia. Januari 2022 uwanja wa Olembe, Yaoundé, watu 8 walikufa getini kwenye mechi ya Cameroon na Comoro. Wote walikuwa wamekuja kuangalia mpira. Ukiwa huna tiketi halafu unalazimisha, uzito wako unaenda kuishia kwenye kifua cha mtoto wa mtu aliyebanwa mbele huko usikomuona.

Na muda nao muusome vizuri, hili limeshawaponza wengi. Tiketi inaandika 20:00, maana yake saa 2 usiku ya huko, na kama ni Algiers au Rabat wako nyuma yetu masaa mawili, kwa hiyo mama yako Dodoma anaangalia saa 4 usiku. Ukichanganya saa ya Kiswahili, saa ya kizungu na saa ya Dodoma utajikuta unakimbia, na anayekimbia kuelekea getini anaonekana mtu wa fujo hata kama ni mstaarabu.

Kikundi kiwe na mpangilio. Muwe na kiongozi mmoja ambaye neno lake linasikika, muwe na mtunza hela ambaye si huyo kiongozi, na muwe na angalau watu wawili ambao siku hiyo hawagusi pombe kabisa, hao ndio macho ya wengine. Halafu jipangeni wawili wawili, kila mtu ana mwenzake, na majina yaitwe kila basi linaposimama. Wengine wanaona kama mambo ya shule ya msingi, lakini mtu akipotea Nairobi usiku wa fainali utaelewa. Andika kwenye karatasi, ndiyo karatasi, jina la mlipofikia na namba ya kiongozi, kwa sababu simu itazima. Hela gawanya sehemu tatu, ya matumizi mfukoni, ya akiba ndani ya begi, na ya nauli ya kurudi ambayo haiguswi hata kama timu imechukua kombe.

Kitu kingine nakisema kwa uchungu, utani wetu wa jadi uacheni mpakani Namanga. Hapa nyumbani tumezoea, Yanga ikicheza na wageni wapo wa Simba wanaowashangilia wageni, na kinyume chake, tunataniana, kesho tunakutana mnadani Msalato tunakula nyama pamoja. Mtu wa nje haelewi hayo. Akiona Watanzania wawili wanashikana mashati kwa ajili ya jezi anaona ugomvi, na polisi wake wataingilia kama ugomvi. Kama umesafiri na wewe ni wa upande wa pili, umeenda kuona nchi, sawa kabisa, lakini vaa shati lako la kawaida au jezi ya Taifa ukae na wenzako.

Njiani sasa. Kama ni Nairobi, basi linapita Kondoa, Babati, Arusha, Namanga, ni safari ndefu, hivyo muondoke siku moja kabla, mfike mlale, muoge. Kufika asubuhi ya mechi na kuunganisha moja kwa moja uwanjani ndio hiyo njaa na usingizi niliyosema. Kama ni ndege, SGR inakupeleka Dar vizuri tu, ila usipange treni na ndege siku moja kwa kubanana, lala Dar. Mifuko ya plastiki ile ya kubebea vitu toeni kabla ya mpaka, Kenya wameipiga marufuku tangu Agosti 2017 na faini yake si ya mchezo, sasa zile zabibu na ubuyu unaowapelekea wenyeji weka kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa. Namanga pangeni foleni, mtu asikubali kubebeshwa mzigo wa mtu asiyemjua hata akiambiwa ni unga wa mtoto, na asitokee mjanja wa kupita njia ya panya kwa bodaboda kwa kuwa foleni ni ndefu. Akikamatwa mmoja, basi zima linalala hapo.

Mkifika, salimieni. Hiki ni kitu cha kwetu kabisa, Mgogo hakupiti bila mbukwenyi, sasa kwa nini ukifika kwa watu unaingia dukani unaanza kuuliza bei? Nairobi na Kampala lugha si shida. Kwa Waarabu watu wanaogopa bure, wakati Kiswahili chetu kimeshawabeba nusu ya safari. Ukisema salaam aleykum na shukran umeeleweka, na hata bei utashangaa, ishirini, hamsini, sitini, mia, hayo maneno ni ya kwao, masikio yako yatayakamata sokoni. Ukijifunza maneno kumi tu watu wanakupenda, na anayependwa hata akikosea njia anasindikizwa hadi mlangoni.

Uliza mapema mambo ya nchi husika. Kwenye nchi za Kiislamu kama Morocco na Algeria, hakuna kutembea na chupa ya bia barabarani, hakuna kuvua shati mtaani eti joto, na ngoma ikikaribia msikiti wakati wa swala inanyamaza. Sisi wa Dodoma tunapenda kubeba ngoma zetu, tukipiga muheme hata wazungu wanasimama, lakini ulizia kama uwanja unaruhusu ngoma, na vuvuzela pia, viwanja vingine zinazuiliwa getini na hutarudishiwa. Usipige picha askari, usipige picha watu bila kuwaomba hasa kina mama. Hotelini saa 6 usiku kuna watoto wamelala chumba cha pili. Hayo mengine unayajua, ni adabu ile ile uliyofundishwa nyumbani.

Siku ya mechi kuleni vizuri mchana. Narudia, kuleni. Halafu muende pamoja, mfike geti likifunguliwa, mkubali kupekuliwa bila maneno. Acheni hotelini chupa, leza, fataki na ile mioto ya moshi, pia dawa zenu za kunyunyiza uwanjani. Hayo mambo ya ndumba najua yapo na sitaki kubishana na imani ya mtu, ila kamera ziko kila kona na kinachoonekana kinaandikwa kwenye ripoti ya kamishna wa mechi, na anayeadhibiwa ni klabu. Klabu inabeba makosa ya mashabiki wake, hata kama haikuwatuma. Mnakumbuka Desemba 2024 viti vilivyong'olewa pale Mkapa kwenye mechi ya Simba na CS Sfaxien, Januari 19, 2025, kwa adhabu hiyo, Simba wakacheza na CS Constantine ya Algeria uwanja mtupu, hakuna shabiki. Watu waliokuwa wamekaa kwa utulivu siku ya Sfaxien nao walikosa mechi ile. Na Ulaya ilikuwa hivyo hivyo, mwaka 1985 Heysel, Brussels, kwenye fainali ya Liverpool na Juventus walikufa watu 39 baada ya mashabiki kuvamia upande wa wenzao ukuta ukaanguka, klabu zote za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya miaka 5 (Liverpool wenyewe 6), zikiwemo ambazo hata hazikuwa Brussels siku hiyo.

Kaa kwenye kiti chako chenye namba yako. Wimbo wa taifa wa wenzako simama, kofia mkononi, kimya. Shangilia mpaka sauti ikauke, imba, cheza, hiyo ndio kazi iliyokuleta, lakini usirushe kitu hata kama ni kifuniko cha maji, na usiruke uzio hata kama goli ni la dakika ya 90.

Kuhusu kukejeli, kuna mfano wa karibuni naupenda. AFCON ya Morocco kulikuwa na shabiki wa Kongo, Michel Kuka Mboladinga, alikuwa anasimama mechi nzima bila kutikisika, mkono juu, kama sanamu ya Lumumba, shujaa wa uhuru wao aliyeuawa, dunia nzima ikamjua bila yeye kusema neno. Algeria walipowatoa Kongo, mchezaji wao Amoura akamuigiza kwa mzaha akajiangusha chini, kumbe hakujua yule anamkumbuka nani, lawama zikaja, akaomba radhi. Sasa yule ni mchezaji mwenye watu wa kumsaidia kuomba radhi, wewe wa kutoka Nzuguni ukikejeli kitu usichokijua kwenye mji wa watu nani atakusemea? Taniana na timu, usiguse dini, rangi, vita wala marehemu wa watu.

Ikitokea msongamano, usisukume kurudi nyuma. Mikono weka mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kupumua, nenda na watu huku unajisogeza pembeni kidogo kidogo, mwenye mtoto ambebe, kitu kikianguka kiache, hata kama ni simu. Na usirekodi.

Filimbi ya mwisho ikilia msinyanyuke haraka. Ugenini polisi mara nyingi wanawazuia mashabiki wageni ndani ili wenyeji watoke kwanza, inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa nzima, na kama hujui utaona unaonewa na utaanza kugombana na askari ambaye anakulinda. Muda huo sisi tunautumia kuokota uchafu. Wajapani wanafanya hivyo tangu Kombe la Dunia la Ufaransa 1998, wanabeba mifuko yao kabisa, na Senegal nao mwaka 2018 Urusi walifanya. Inachukua dakika kumi, mikono inakuwa na kazi, hasira inashuka. Hasa mkiwa mmefungwa.

Maana kufungwa kupo, na kufungwa fainali kunauma kuliko unavyodhani. Yanga kule Algiers walishinda 1-0, wakalikosa kombe kwa kanuni ya magoli ya ugenini kwa sababu Dar walifungwa 2-1, jumla ikawa 2-2 na wenzao walikuwa na magoli mengi zaidi ya ugenini. Umeshinda mechi, umesafiri, umeimba, na kombe linanyanyuliwa na mwingine! Hapo ndio safari inapopimwa. Sisi tunaongea kabla, kwenye basi kabisa, kiongozi anauliza tukifungwa tunafanya nini, na watu wanajibu kwa sauti: tunakaa, tunapiga makofi, tunawaambia mabruki, yaani hongera, tunatoka pamoja. Inasaidia sana kuwa umeshayasema kwa mdomo wako. Fainali ya AFCON pale Rabat Januari 2026, Senegal na Morocco, mlimwona refa alivyowapa Morocco penalti dakika za mwisho, wachezaji wa Senegal wakatoka uwanjani, baadhi ya mashabiki wao wakajaribu kuvamia, wapo walioishia mikononi mwa polisi. Na pale uwanjani Senegal yao ilikuja kushinda goli moja kwenye zile dakika 30 za nyongeza! Hasira ya dakika tano ikawakosesha furaha ya usiku mzima.

Na mkishinda, shangilieni ndani ya uwanja na hotelini. Barabarani tembea na jezi umeifunika kwa koti, sio woga, ni kumheshimu mtu aliyefiwa na ndoto yake nyumbani kwake.

Ikitokea mmoja wenu amekamatwa, wasiende watu thelathini kituoni kupiga kelele. Aende kiongozi na mtu mmoja anayejua lugha, wavae vizuri, waulize kwa upole kosa ni nini, waombe ubalozi wetu ujulishwe. Tanzania ina ubalozi Nairobi, Algiers, Rabat, Cairo, Pretoria, namba zake ziandikwe kwenye ile karatasi kabla ya kuondoka. Aliyekamatwa asisaini kitu ambacho hakielewi. Na asitoe chochote cha kumtuliza askari, huko anaongeza kosa la pili.

Wakati wa kurudi kila mtu ana haraka, ila msiharakishe. Vyumba viachwe safi, funguo zirudishwe, dereva apate chai na usingizi wa kutosha kabla hajashika usukani, hata kama mna hamu ya kufika, barabara ya usiku haina ushabiki. Majina yaitwe kabla injini haijawashwa, na tena Namanga upande wa huku. Mtunza hela asome hesabu yote kwenye basi kabla hamjafika Kondoa, iliyobaki irudishwe kwa watu au ikubaliwe iende kwenye safari ijayo, manake mkishashuka stendi Nzuguni kila mtu anakimbilia bajaji yake.